Maswali ya wasomaji: Mwanangu anaitwa jeshini, Mkristo anashika bunduki?

Salaam zenu wote wa Unguja na Pemba, na wale mlioko Bara na ng'ambo mnaotusoma kwa simu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi ila nne zimenikaa moyoni, wenyewe hawajuani lakini wanauliza kitu kimoja, mmoja yuko Welezo, mmoja Chake, mmoja Mtoni na mmoja hakusema yuko wapi. Wote wanauliza habari ya Mkristo na damu. Basi mambo ya ndoa na mirathi nimeyaweka pembeni kidogo, ntayajibu toleo lijalo, msinune.

SWALI: Mwalimu shkamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 21, alimaliza skuli akaingia JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na sasa kuna nafasi za kwenda JWTZ na jina lake limo. Mie nilifurahi sana, kazi zenyewe saivi unazijua. Lakini mwenzake wa kikundi cha maombi kamwambia Mkristo wa kweli hashiki bunduki, Yesu alimwambia Petro arudishe upanga. Toka siku hiyo mtoto halali, anasema labda aache. Baba yake kakasirika mpaka hawasemezani. Nilimuuliza padri mmoja kaniambia "hakuna tatizo mama, hata Kornelio alikuwa askari" akaondoka zake. Nimwambie nini? (Mama wa kijana, Welezo)

JIBU: Marahaba mama yangu. Kwanza kabisa mshukuru Mungu kwamba mtoto halali. Nakwambia kwa moyo wangu wote. Kijana anaekwenda kupewa silaha ya kuulia binadamu mwenzake afu analala fofofo hajiulizi kitu, huyo ndo ningemuogopea zaidi. Wako anajiuliza, na hilo swali lake si la jana, kanisa linalo toka lizaliwe na halijawahi kulimaliza.

Nikupe kisa kimoja ukamsimulie leo leo. Mwaka 295, tarehe 12 Machi, mji wa Tebessa ambao saivi uko Algeria, kijana mmoja jina lake Maximilianus alipelekwa mbele ya liwali wa Kirumi aandikwe jeshi. Na yeye miaka 21, kama wako. Wakataka kumpima urefu akakataa, akasema mie Mkristo siwezi kupigana. Liwali akamwambia mbona hao walinzi wa wafalme wamo Wakristo na wanatumikia vizuri tu, akajibu wao wanajua wenyewe linalowafaa, mie ni Mkristo siwezi kufanya ubaya. Akakatwa kichwa. Baba yake alikuwepo palepale na alikuwa keshamtengenezea nguo mpya ya kwendea jeshini, yule kijana akamwambia baba, nguo ile mpe huyu askari atakaenikata.

Mie kila nikikisoma kisa hichi nasimama hapo kwenye nguo. Lakini angalia na kitu chengine mama, ndani ya kisa kimoja wamo Wakristo wa aina mbili tayari, yule aliyekataa mpaka kufa, na wale walokuwa walinzi wa mfalme wanaendelea na kazi zao. Na huo ni mwaka 295, bado Konstantino, mfalme wa Roma alowaachia Wakristo huru, hajaja, bado kanisa halina hata askari mmoja wa kulilinda. Kwaiyo yule mwenzake wa kikundi cha maombi hakuzua kitu. Origeni wa Aleksandria, mwalimu mkubwa wa kanisa la zamani, aliandika kwenye mwaka 248 hivi kwamba Wakristo wanamsaidia mfalme kwa kumuombea na si kwa kumpigania. Na padri wako pia hakuzua, Kornelio alikuwa akida wa Kirumi na Petro alimbatiza hakumwambia kwanza vua sare, na wale askari walomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza tufanye nini aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao, hakuwaambia waache kazi. Tatizo la padri wako ni kwamba alikupa nusu ya jibu na kuondoka, na tatizo la yule kijana mwenzake ni kwamba na yeye ana nusu yake na anamgonga nayo mtu kichwani.

Sasa skiza kilichotokea baadae maana hapa ndo penyewe. Mwaka 312 Konstantino akashinda vita pale daraja la Milvio nje ya Roma, akasema kashinda kwa nguvu ya Kristo, mwaka 313 Wakristo wakaachiwa huru, na ilipofika 416 ikatoka sheria kwamba wapagani wasiingie tena utumishi wa dola, na jeshi limo humo. Hebu fikiria hiyo mama. Miaka 121 tu toka Maximilianus akatwe kichwa kwa kukataa jeshi, jeshi lenyewe limekuwa la Wakristo. Watu hawakupata hata muda wa kuvuta pumzi. Ikabidi wafikiri upya, na aliyefikiri sana ni Augustino askofu wa Hippo, na huko nako ni Algeria, mtu wa Afrika kama sie. Yeye akasema vita vinaweza kuwa vya haki kama vinazuia dhulma, lakini akasema pia mtu mwenye hekima hata akipigana vita vya haki atasikitika kwamba imembidi, na asiyesikitika huyo amepotewa na utu. Karne nyingi mbele Tomaso wa Akwino akayapanga masharti, vita viamriwe na mwenye mamlaka si kila mtu na genge lake, viwe na sababu ya haki, na nia ya anayepigana iwe safi, si chuki wala tamaa. Haya ndo padri wako alosoma seminari.

Lakini kuna jambo makanisani hatuambiwi, na mie nilipolijua nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu na lilinishtua. Hata askari alopigana vita vya haki na kushinda, kanisa la zamani halikumpigia vigelegele akaingia moja kwa moja altareni. Basili wa Kaisaria, mtakatifu mkubwa kabisa, alishauri askari waloua vitani wakae miaka 3 bila ya kupokea komunyo kwa kuwa mikono yao si safi. Si kwamba aliwaita wauaji, alisema wazi si sawa na wauaji, ila damu ni damu. Na baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066 kule Uingereza, maaskofu wa Normandy waliwapangia toba askari wa upande wao wenyewe, hao hao washindi, kila mtu mmoja uliyemuua ni mwaka mmoja wa toba, na asiyejua kaua wangapi atubu siku moja kila wiki mpaka mwisho wa maisha yake. Askari wao! Walioshinda! Na mfalme Theodosio alipoamuru watu wauliwe ovyo Thesalonike mwaka 390, askofu Ambrosi wa Milano alimzuia asipokee mpaka atubu hadharani, na mfalme akatubu.

Kwaiyo mama yangu, kanisa likamruhusu askari, lakini likabaki na kinyongo na damu, halikulala usingizi, kama mwanao asivyolala. Huko kutolala ndo nataka abaki nako. Anaweza kwenda jeshini nako na anaweza kukataa nako, ila asikubali mtu yeyote, awe padri au afande au rafiki, amtoe huo wasiwasi kwa sentensi moja.

Mie ni mtu wa Mbweni. Babu yangu mzaa baba alikuwa katika wapagazi wa Askofu Weston, wale wazee mtakumbuka kusimuliwa, vita vya kwanza vya dunia Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikusanya wapagazi hapa kisiwani, mwaka 1916, akapewa cheo cha meja na akavuka nao Bara yeye mwenyewe kwa miguu, askofu mzima. Watu wangapi walikufa njiani katika vita vile kwa njaa na kuharisha na malaria, wapagazi maelfu kwa maelfu wa pande zote mbili, wala hawakubeba bunduki. Babu alirudi. Nlikuwa darasa la nne alipokufa lakini neno lake moja nalikumbuka, akiulizwa kama alipigana alikuwa anasema "sikupiga hata moja, lakini nilizibeba", kwa maana alibeba masanduku ya risasi. Na hakuwa mtu wa kulaumu, kila Jumapili yupo kanisani. Na huyo askofu wake naye baada ya vita hakutulia, mwaka 1920 aliandika kitabu kidogo kuwashambulia Waingereza wenzake, serikali yake mwenyewe, kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za kulazimishwa. Mtu alokwenda vitani na cheo, akarudi na kulitia adabu lile lile dola alilolipigania. Kijana wako akiwa askari wa namna hiyo mie sina neno.

Sasa la kufanya. Mwambie akae na baba yake na wewe uwepo, baba asianze yeye kusema. Amuulize mtu alokwisha kuwa jeshini, tunao wengi hapa walokwenda Darfur na Lebanon na Kongo kulinda raia, kazi ambayo mtu wa kikundi cha maombi akiitazama vizuri ataona ni ya mtu kuuweka mwili wake mbele ya mnyonge kumkinga. Lakini asifichwe kitu, Desemba 2017 kule Semuliki Kongo wanajeshi wetu zaidi ya kumi waliuliwa usiku mmoja, na wao walijibu mashambulizi, hiyo ndo kazi. Ajiulize akiamriwa kupiga watu wasiokuwa na silaha atakataa? Kama jibu lake ni ndio na analimaanisha, aende. Kama moyo unamwambia kabisa hapana, basi asiende kwa ajili ya mshahara wala kwa ajili ya baba, kuna zimamoto na uokozi, kuna kazi nyingi za kuokoa watu ambazo hazina bunduki, na wewe mama usimuone kakosa bahati.

SWALI: Mwalimu, Yesu huyo huyo alosema mgeuze shavu ndo alosema sikuja kuleta amani bali upanga, na akasema asiye na upanga auze joho lake akanunue. Sasa tufate lipi? (Bila jina)

JIBU: Hili fupi. Ule upanga wa kwenye Mathayo 10 endelea kusoma mstari unaofata utaona anazungumza mtu kutengana na baba yake na mama yake kwa sababu ya imani, ni upanga wa kugawa nyumba, na hapa Zanzibar mtu alobadilisha dini anaujua upanga huo bila ya kufasiriwa. Wa Luka 22 ni mgumu zaidi na sitaki kukudanganya kwamba ni rahisi. Wanafunzi wakamwambia Bwana hapa pana panga mbili, akasema basi, yaani panga mbili kwa watu kumi na moja na jeshi la hekalu linakuja, hiyo si hesabu ya kivita. Na usiku ule ule Petro alipoutumia mmoja kumkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu, Yesu alimkataza na akalishika lile sikio akaliponya. Muujiza wa mwisho aloufanya kabla ya kusulubiwa ni kumtibu adui alojeruhiwa na mtu wake mwenyewe. Mie hapo ndo naufahamia mlango mzima.

SWALI: Assalaam aleykum mwalimu mwenzangu. Nasomesha historia skuli moja hapa Chake. Mada ya Wareno tunafika Kilwa 1505, tunafika Ngome ya Yesu Mombasa, kisha vita vya msalaba, kisha manuwari za Waingereza zilivoipiga Unguja 1896. Wanafunzi wangu wananiuliza mbona wenzetu Wakristo husema dini yao ni ya upendo na amani. Sikusudii kukashifu na najua na sisi historia yetu ina panga, lakini nataka jibu la mtu mkweli nikawape watoto. (Ustadh, Chake Chake)

JIBU: Waaleykum salaam Ustadhi wangu. Nashukuru umeuliza hivo ulivouliza. Ntakujibu bila ya kuficha na uwasomee wanafunzi wako kama ilivo.

Kilwa 1505 ni aibu, hakuna neno jengine. Na kinachoniuma si kwamba Wareno walipiga mji, wafalme wote wa dunia walikuwa wanapiga miji, kinachoniuma ni mpangilio wa siku ile. Francisco de Almeida, kapteni mkuu wa Wareno, keshauteka mji, mapadri wa Kifransisko wakashuka pwani na misalaba miwili wameibeba kwa maandamano wanaimba Te Deum, wimbo wa kumshukuru Mungu, wakenda mpaka jumba la sultani, msalaba ukawekwa chini, kapteni mkuu akasali. Alipomaliza kusali watu wakaanza kupora mji. Hayo yameandikwa na mtu alokuwemo katika msafara wao, wala hakuyaandika kwa kuona haya. Mwezi wa pili yake zamu ya Mombasa. Na mwisho wa karne ile wakajenga ngome Mombasa toka 1593 wakaipa jina la Yesu, yaani jina la mtu alomwambia Petro arudishe upanga limebandikwa kwenye kuta za mizinga. Nilikwenda kuiona zamani na wanafunzi, mmoja akaniuliza mwalimu Yesu alikuwa na mizinga? Nilisema hapana, lakini nilikaa kimya basi zima mpaka tunarudi.

Uliza wanafunzi wako pia habari ya Yusuf bin Hasan maana hiyo ndo mada ya kufundishia watoto wa pwani. Mtoto wa sultani wa Mombasa, baba yake aliuliwa, yeye akapelekwa Goa akabatizwa jina Jerónimo Chingulia, akarudishwa kuwa mfalme chini ya Wareno, na Agosti 1631 akamuua kapteni ndani ya ile ile Ngome ya Yesu, akarudi kwenye Uislamu, na wakauliwa Wakristo mamia, si Wareno peke yao, wamo Waswahili wenzetu walobatizwa walokataa kuacha dini. Ukilitazama upande mmoja ni kisasi cha mtu alodhulumiwa toka utotoni, ukitazama upande wa pili ni mashahidi walokufa kwa imani yao. Na pande zote mbili ni kweli. Hata Ngome Kongwe yetu hapa Forodhani, Waomani waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1690 na kitu juu ya mabaki ya kanisa la Wareno, watalii wanakula urojo pembeni hawajui wamekalia nini.

Sasa umeniuliza imekuwaje dini ya shavu la pili ifike hapo, na hapa naomba uwe makini maana ndo jibu lenyewe. Nimemjibu mama wa Welezo hapo juu kwamba kanisa la zamani hata kwa vita vya halali liliweka toba, aliyeua atubu. Mwaka 1095 kule Clermont Ufaransa Papa Urbano wa pili akaitisha vita vya kwenda Yerusalemu, na mtaguso ule, yaani mkutano wa maaskofu, ukaamua kwamba mwenye kwenda kwa ajili ya ibada na si kwa ajili ya heshima au mali, safari hiyo itahesabiwa kuwa ni toba yake yote. Umeona kilichogeuka? Jana yake kuua kulikuwa kunahitaji toba, leo kwenda kuua ndo toba yenyewe. Hakukuwa na wasiwasi tena. Julai 1099 wakaingia Yerusalemu wakaua Waislamu na Mayahudi kwa wingi wa kutisha, na mwaka 1204 wala hawakufika kwa Waislamu, wakaipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Mie nadhani kila pahala Wakristo walipofanya maovu makubwa ukichimba utakuta kwanza walikuwa wameondoshewa ule wasiwasi, kuna mtu kawaambia hii ni kazi ya Mungu laleni usingizi.

Na mapema sana alikuwepo mmoja aliyekwenda njia nyengine. Mwaka 1219 vita vya msalaba vya tano, majeshi yamekaa Damieta Misri, Fransisko wa Asizi alivuka mstari wa vita na mwenzake mmoja hana silaha akenda mpaka kwa Sultan al-Malik al-Kamil. Sultani akamkirimu, wakazungumza, akamrudisha salama. Hakusilimu na sultani hakubatizwa. Na inanitoa machozi kwamba wale walobeba misalaba Kilwa miaka 286 baadae walikuwa wa shirika lake huyo huyo Fransisko.

Umetaja 1896. Vita vya dakika 38 hivi, tarehe 27 Agosti, jumba la sultani likateketea na upande wa Seyyid Khalid, alokuwa kajitangaza sultani, watu kiasi cha 500 wakafa au kujeruhiwa. Hivyo vilikuwa vita vya dola na sitaki kuvivika joho la dini kwa lazima. Lakini manuwari za Kiingereza, Ustadhi, mie nina deni nazo na lazima nilitaje hapa nisije nikaonekana nimechagua. Watu wa Mbweni wengi sisi ni vizazi vya watumwa walokombolewa, bibi yake baba alishushwa kutoka jahazi lililokamatwa baharini, akawekwa shamba la UMCA, misheni ya Kianglikana. Jahazi lile halikusimama kwa kuombwa. Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa tarehe 5 Juni 1873 baada ya kutishiwa kuzingirwa na manuwari, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu pale Mkunazini palipokuwa soko. Na hapo kwenu, Desemba 1881, kapteni Brownrigg wa manuwari ya Kiingereza HMS London aliuliwa karibu na Pemba akijaribu kukagua jahazi la watumwa. Mie nipo hapa naandika kwa sababu kuna watu walikuwa na mizinga. Na mizinga ile ile ikaja 1896. Nimeishi na hilo miaka yangu yote, nasali katika kanisa lile na kila nikipita ile duara ya marmar mbele ya altare inayoonesha pahala pa mti wa kuchapia watumwa nashindwa kusema bunduki zote ni haramu, na nikikumbuka Kilwa nashindwa kusema ni halali kirahisi.

La mwisho, wanafunzi wako wasije wakadhani haya ni ya zamani. Rwanda 1994, nchi ambayo watu wengi mno walikuwa Wakristo walobatizwa, watu walikimbilia makanisani wakauliwa humo humo, Ntarama, Nyamata, na Nyange ambako kanisa liliangushwa na buldoza juu ya watu wakiwemo ndani. Padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alishitakiwa hapa hapa Tanzania kwenye mahkama ya Arusha akahukumiwa kifungo cha maisha katika rufaa mwaka 2008. Na mwaka 2017 Papa Fransis alimuomba Mungu msamaha kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji yale. Waambie watoto Mkristo mmoja wa Unguja kakujibu kwamba hayo yote ni yetu, hatuna wa kumsukumia.

SWALI: Shkamoo mwalimu. Mtoni huku wezi wametuzidi, wanavunja usiku. Mie ni mzee wa kanisa. Nimeweka panga chini ya kitanda, mke wangu anasema si tabia ya Mkristo. Pia juzi vijana wamemkamata mwizi mchana wakampiga karibu afe na nilikuwepo, sikupiga lakini sikuzuia. (Mzee wa kanisa, Mtoni)

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Soma Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3. Mwizi akikutwa anavunja usiku akapigwa akafa hakuna hatia ya damu, lakini jua likiwa limeshamtokea, kuna hatia ya damu. Torati yenyewe hiyo, kabla ya Yesu, inatofautisha usiku wa kiza hujui aliyeingia ana nini na mchana unamuona ni mtu. Kwaiyo usiku kujitetea na mkeo na watoto siwezi kukwambia ni dhambi. Yule wa mchana ndo kesi yako na umeshaijua ndo mana umeiandika mwishoni.

Nimeona kitu hicho na mie, miaka iliyopita, sokoni Mwanakwerekwe, kelele za mwizi mwizi na mimi nikasogea, na mmoja katika walokuwa wanarusha mawe nilimjua, nilimfundisha kipaimara mwenyewe. Uso wake ulikuwa na furaha. Hilo ndo sijalisahau, si damu, furaha. Jioni nilikwenda kwao nikamkuta anakula, nikakaa, nikamuuliza yule mtu anaitwaje. Hakujua. Kesho yake tukenda hospitali pamoja tukauliza, tukampelekea uji na matunda, yule kijana mkononi kashika kikapu hanyanyui macho.

Padri Evarist Mushi alipopigwa risasi Februari 2013 akiwa anakwenda kusalisha misa ya Jumapili, hapo hapo upande wenu wa Mtoni, unakumbuka wewe mzee watu walivokuwa, kuna maneno yalisemwa usiku ule ambayo kama yangefatwa saivi tusingekuwa tunakaa mtaa mmoja na majirani zetu. Hayakufatwa. Walokaa kimya na kuzuia vijana wao walikuwa wazee wa kanisa kama wewe, na masheikh kwa upande wao. Kwaiyo kuzuia unaweza, ulishaweza.

Mtafute huyo mtu wa juzi yuko wapi, kama yuko hospitali nenda, kama yuko kituoni nenda, na wale vijana watatu wanne unaowajua wachukue muende pamoja. Kwa wezi wa usiku mwendee sheha mpange ulinzi wa mtaa, Waislamu na Wakristo zamu moja, kila nyumba na filimbi, akishikwa mtu apelekwe polisi na asiguswe, namba ni 112. Weka taa ya nje, badilisha komeo. Na hilo panga litoe chini ya kitanda mkeo alale, lirudishe bandani kwenye majembe.